Mikeka Kwanza, Maji Baadaye

Garissa, Jumapili, 22 Januari 1967

Bashir, mwanangu,

Naandika kabla ya magharibi, maana siku hizi taa huzimwa mapema na mama yako hapendi nikodoe macho gizani. Nakusikia huko uani ukibishana na dada yako juu ya kamba ya sanduku. Yeye anasema fundo lako litafunguka kabla lori halijavuka mto. Mwache afunge yeye. Mafundo yake ni ya bibi yako.

Utajiuliza kwa nini baba anakuandikia na hali tunalala chumba kimoja. Kuna mambo ulimi wangu huyazunguka kama mbuzi anavyozunguka boma, haoni mlango. Tena utashangaa kuyasoma kwa Kiswahili, wakati mimi na wewe hatujawahi kusemeshana Kiswahili isipokuwa mbele ya wageni. Lakini lugha yetu haina herufi tulizokubaliana, nami kalamu niliijulia katika kazi ya mifugo, nikiandika ng'ombe wangapi wamechanjwa Eldas na ngamia wangapi wana upele Lafey. Ukinisoma utaona kama nimevaa koti la ofisi. Nivumilie. Ndani ya koti ni mimi.

Mambo ya blanketi, nyama ya nyirinyiri, sala na barua za kila mwezi mama yako amekwisha kukuambia, tena mara tatu. Siyarudii. Mimi nitakuandikia habari ya mguu wako wa kushoto.

Nafasi ya chuo cha ualimu umeipata kwa alama zako, na hakuna atakayekunyang'anya. Nafasi ya timu bado. Mwalimu wa michezo wa huko ameandika kwamba wiki ya tatu kutakuwa na mbio za kuchagua, na kwamba anatumaini umepona. Najua utakavyofanya. Utafika huko, na mtu atakuita shifta kwa utani, kana kwamba nawe umetoka kwa waasi, na mwingine atakuita hivyo bila utani, nawe utataka kuwajibu kwa miguu. Utakimbia hata kama mfupa unakuambia usikimbie. Hilo tu ndilo ninaloliogopa katika safari yako nzima. Mengine siyaogopi. Na hata hilo naliogopa kidogo tu, nitakueleza kwa nini nikifika mwisho.

Ulipokuwa mdogo hukujua kwamba kukimbia ni mchezo. Ulikimbia kwa sababu mbuzi walikimbia. Mchanga wa kando ya mto ulikuwa laini, nawe ulikuwa peku, na uliporudi nyayo zako zilikuwa na rangi moja na ardhi. Kaka yako Yusuf ndiye aliyekuwa na raba. Alizipata shuleni kwa kushinda mbio za wilaya, na siku ya kwanza alilala nazo miguuni. Mama yako alimvua usingizini kwa sababu ya shuka. Asubuhi akazitafuta nyumba nzima huku akimshuku mbuzi.

Nakukumbusha hayo kwa sababu tangu Yusuf afariki tumemtaja kwa kifo chake tu, na yeye alikuwa mtu wa kuchekesha.

Siku ya kifo chake nilimwambia jambo ambalo hujawahi kulisikia. Mbuzi wawili walikuwa wamepotea, wale weupe wenye alama nyeusi masikioni. Nilikuwa nimechoka na nimekasirishwa na mambo ya kazini. Nikamwambia, "Usirudi bila hao mbuzi." Basi hakurudi mapema. Aliwapata, akachelewa, jua likawa linazama na saa ya amri ya kutotoka nje imekaribia, akaanza kukimbia awahi nyumbani. Wewe unajua vita hivi. Mtu anayetembea huulizwa anakwenda wapi. Mtu anayekimbia haulizwi. Risasi ilitoka upande gani, kila mtu alikuwa na maneno yake, na barua hufunguliwa njiani, kwa hiyo sitaandika ya yeyote. Mbuzi walirudi wenyewe.

Nimeishi na sentensi ile miaka miwili. Mama yako anaijua. Alinisikia nikiisema na hajawahi kunirudishia hata siku moja, hata tulipogombana. Ukitaka kujua mama yako ni mtu wa namna gani, ni huyo.

Baada ya hapo nilitaka uondoke. Usidhani nilikuchoka. Nilitaka uvuke mto, uende mahali ambapo kijana akikimbia watu humpigia makofi. Nilipoona una mbio kama za ndugu yako, nikasema huu ndio mlango. Mwalimu mkuu akatuombea kibali, ukaruhusiwa kukimbia siku tatu kwa wiki kwenye ile njia inayozunguka shule na ofisi yetu ya mifugo, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa mbili, na mimi niwepo nimesimama mahali ambapo kituo cha askari kinaniona. Nilivaa kofia yangu nyeupe makusudi. Kofia ile ndiyo iliyokuwa ikisema kwamba huyu kijana hamkimbii mtu.

Unamkumbuka koplo yule mrefu? Siku ya kwanza alinijia, bunduki begani, akaniuliza, "Mzee, huyu wako anamkimbia nani?"

Nikamwambia anakimbizana na saa.

"Mwambie saa haina bunduki," akasema, "asikimbie sana." Kisha akabaki kukuangalia. Wiki ya pili akawa anahesabu mizunguko pamoja nami. Wiki ya tatu akaniambia kwao kijana kama wewe angekuwa ameshaoa kwa sababu ya miguu hiyo. Watu ni watu, Bashir. Utawakuta huko pia, usiwafungie mlango kabla hawajabisha.

Nilihesabu kwa kokoto. Kokoto moja kwa kila mzunguko, kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Tulianza na sita. Kwa kuwa siku zilikuwa tatu tu na saa zenyewe chache, nikataka kila siku ibebe ya siku mbili. Sita zikawa kumi, kumi zikawa kumi na tano, na mwezi haujaisha. Njia yenyewe ni changarawe iliyoshindiliwa na malori ya jeshi hadi imekuwa kama sakafu. Na miguuni mwako nilikuvalisha raba za Yusuf.

Zilikuwa zimekuzidi kidogo. Mama yako alichana macawis yangu ya zamani, kile kikoi cha nyumbani, akajaza vipande vidoleni. Soli zilikuwa zimelika upande mmoja, upande aliokuwa akikanyagia yeye. Niliyaona hayo yote na sikuyaona. Ulipokuwa ukipita upande wa mbali wa njia, kule ambako jua lilinipiga machoni, nilikuwa naona raba zile na siuoni uso wako. Unaelewa? Nilikuwa nasimama pale kila asubuhi kumwangalia mtu mwingine akikimbia. Naomba unisamehe hilo kwanza kabla ya lile lingine.

Mwezi wa sita ulianza kushika mguu ukimaliza. Uliniambia unauma mbele, chini kidogo ya katikati ya muundi, mahali padogo pa kufunikwa na kidole gumba. Nikasema ni mguu unaokua. Ukaniambia unauma hata ukiwa umelala. Nikasema basi ni ubaridi, nikamwita mjomba wa mama yako kutoka Sangailu aje auchome moto.

Siulaumu moto. Wazee wetu wamechoma watu na wanyama na wengi wamepona, na mjomba ana mkono mwepesi. Alichoma mara tatu kwa ncha ya kijiti, pale pale ulipoonyesha. Hukulia. Ulinitazama tu. Mjomba akasema, "Huyu ni mwanamume," nami nikajivuna mbele za watu. Sasa najua uliponitazama ulikuwa unataka niseme jambo. Moto ulifanya kile unachofanya, ulileta maumivu mapya juu ya maumivu ya zamani, na kwa wiki mbili hakuna aliyeweza kusikia yale ya chini. Hata wewe. Ndipo ukasema hauumi tena, na mimi nikarudisha kokoto mfukoni.

Siku ya mbio za mkoa, kabla hujaingia uwanjani, nilikushika bega nikakuambia, "Usisimame. Lolote litakalokuwa, usisimame."

Nilipoyasikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu nilihisi nimewahi kuyasema. Sikukumbuka wapi. Nilikumbuka ulipoanguka.

Ulikuwa wa pili, mzunguko wa mwisho ukiwa bado. Niliona mguu wa kushoto ukikataa. Haukuteleza, ulikataa, kama punda anavyokataa mtoni. Ukainuka, ukakimbia hatua nyingine kumi kwa sababu nilikuwa nimekuambia usisimame, ukaanguka tena. Hatua zile kumi nazikumbuka moja moja.

Kule hospitali, daktari alikuwa safarini na msafara haujarudi, kwa hiyo tulimkuta dresa msaidizi wake, Bwana Omondi. Watu walikuwa wanasema huyu ni mtu wa bara, ataharakisha. Hakuharakisha. Alikugusa muundi kwa kidole kimoja, polepole, kutoka gotini kwenda chini, huku akikuuliza habari za shule, na kidole kilipofika pale uliacha kujibu. Akakuambia usimame kwa mguu mmoja, uruke kidogo. Wa kulia uliruka. Wa kushoto ulijaribu, ukashika meza.

Akaziona alama tatu za moto. Akachukua raba, akazigeuza, akaangalia soli.

"Hizi ni za nani?" akauliza.

Nikasema ni za kaka yake.

"Ni mkubwa kuliko huyu?"

Nikasema, "Alikuwa."

Akaziweka chini kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Kisha akavuta stuli akaketi karibu nami, si karibu nawe, maana alikuwa ameshaona mgonjwa ni nani.

Akanieleza kwamba mfupa haukuvunjika vipande viwili, alhamdulillahi, lakini umechoka hadi umepata ufa, na hatua zile za mwisho zilibaki kidogo ziumalize. Akasema mfupa si jiwe. Ukiutumia, unabomoka kidogo kidogo, na ukiupumzisha unajijenga, unajenga zaidi ya ulivyobomoka. Ndivyo unavyopata nguvu. "Wewe mzee umempa siku za kubomoa," akasema, "hukumpa za kujenga." Wiki nane bila kukimbia. Nne za kwanza na mkongojo. Na maumivu yakiisha, hapo ndipo kazi inaanza, maana wengi huumia tena siku wanapojiona wamepona. Hairuhusiwi kurudi pale ulipoachia. Unarudi mwanzo, unaongeza kidogo, unapumzika, unaongeza tena.

Hapo nikacheka. Uliniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, na Bwana Omondi naye akaniangalia. Ikabidi nimweleze.

Nilipokuwa na umri kama wa miaka kumi tulikuwa tunahama kufuata mvua, kutoka upande wa Eldas, na ngamia wetu mkubwa wa mizigo, Boor, akaanza kuchechemea mguu wa mbele. Babu yako alimshusha mzigo wote pale pale njiani. Nyumba nzima, mikeka, vyombo vya maji, nguzo, vyote vikagawanywa kwa ngamia wengine na kwa sisi wenye miguu miwili. Mimi nilipewa chombo cha maji mgongoni. Nilinung'unika siku nyingi. Kila asubuhi nilimchungulia Boor, na asubuhi ile alipotembea sawasawa nilikimbia kwa babu yako nikamwambia amepona, tumpakie.

Akaniambia, "Leo ameacha kuchechemea. Leo si siku ya mzigo."

Akamtembeza mtupu siku kadhaa. Kisha akamwekea mikeka tu ya mgongoni, ile inayotangulia mzigo, bila kitu juu yake. Akampumzisha. Kisha mikeka na vyombo vitupu. Akampumzisha. Kisha vyombo vyenye maji nusu. Mimi niliendelea kubeba chombo changu hadi nikakoma kunung'unika. Siku Boor alipobeba nyumba nzima tulikuwa tumeshafika, na alibeba miaka mingine mingi. Kila mfugaji wa kwetu anajua haya. Nimewafundisha vijana wa ofisini wenye vyeti. Nilikuwa na elimu hii mgongoni tangu utotoni, Bashir, na nikampa kila ngamia niliyekutana naye, isipokuwa mwanangu.

Bwana Omondi alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Basi mzee, daktari wake ni wewe. Mfanye ngamia."

Ndipo wewe ukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uanguke.

Miezi iliyofuata naikumbuka kwa furaha, na huenda hukujua. Wiki zile za mkongojo ulikuwa mkali, ulimjibu vibaya dada yako, ulikataa maziwa. Mwili uliozoea kukimbia ukikaa huanza kujila. Nilikuacha. Mama yako akasema, "Ngamia akilala hapendi kuguswa." Kisha ukaanza kutembea kwenda mtoni asubuhi, saa ambazo wanawake huruhusiwa kuteka maji, kwa sababu pale ndipo penye mchanga na pale askari hawashangai kuona watu. Ulijifanya husikii walivyokuchokoza. Binti wa jirani alikuuliza leo unamtekea maji mume gani. Mwingine akasema mwacheni, kijana huyu anatafuta mke kwa kuangalia nani anabeba mtungi vizuri. Uliporudi ulikuwa mwekundu masikioni, na mama yako akajua yote kabla hujafunua mdomo, kwa sababu yote alishaletewa.

Siku za kutembea ukaziita siku za mtupu. Ulipoanza kukimbia polepole mchangani, peku, dakika chache tu na kutembea katikati, ukaziita siku za mikeka. Ukaniuliza kila asubuhi, "Aabo, leo ni mikeka au vyombo?" Nami nikakujibu, "Mikeka, aabo." Watu wa bara wataona ajabu kwamba baba na mwana wanaitana jina moja. Waeleze kwamba kwetu baba humrudishia mwana jina lake, kama mtu anayerudisha chombo kilicholetwa na chakula.

Ukaniomba vyombo kabla ya wakati. Nikakataa. Siku moja ulikasirika ukaniambia kwanza nilikuwa nakulazimisha ukimbie na sasa nakulazimisha usikimbie, ni lini utakimbia kwa hesabu yako mwenyewe. Nililifikiri swali lile wiki nzima nikiwa naandika ng'ombe. Kisha nikakupa kokoto uzishike wewe.

Hukuuliza kwa nini. Ulizitia mfukoni tu. Lakini nilikuona ukizipima uzito mkononi kwanza.

Mwezi wa Ramadhani tulipunguza, ukawa unatembea kidogo tu jioni kabla ya futari, na mama yako akasema hata Boor hakufunga. Baada ya Idi ukarudi kwenye njia yetu ngumu, wiki ya kwanza mara moja, wiki hii mara mbili, na viatu ulivyoletewa na mwalimu mkuu. Koplo wetu alishahamishwa. Huyu mpya hacheki, lakini naye nimeshamwona akihesabu kwa vidole.

Sasa nifike pale nilipokuahidi. Alhamisi iliyopita tulipanga mizunguko kumi, kwa mwendo wa mashindano. Nilisimama mahali pangu na kofia yangu. Ulikimbia kama sijawahi kukuona. Nilikuona wewe, nakuapia, uso wako, na ule mkono wako wa kushoto unaoinuka sana ambao Yusuf hakuwa nao. Mzunguko wa nane, wa tisa. Ulipomaliza wa tisa ukapunguza, ukatembea, ukaja ukasimama mbele yangu.

Nikakuuliza kama unauma.

Ukasema, "Hauumi, aabo. Nimesikia kitu kidogo tu. Nataka kesho niweze kutembea."

Nitakuambia ukweli. Kwa muda wa pumzi moja nilikasirika. Ilikuwa imebaki moja tu. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno yangu, yale yale, nami nikayatafuna. Kisha ukatoa kokoto ya kumi mfukoni, ukaniwekea mkononi, ukaenda kunywa maji.

Ijumaa ulitembea vizuri. Jana ulikimbia kidogo mchangani, na mguu ulikuwa kimya. Huenda kile kitu kidogo kilikuwa misuli tu, huenda hakikuwa kitu. Si neno. Mimi nilishapata nilichokuwa nikikingoja. Mkimbiaji mwenye mbio nilikuwa naye tangu zamani, na nusura nimvunje. Mkimbiaji anayeweza kusimama zikiwa zimebaki hatua na watu wanaangalia, na baba yake mwenyewe akiwa amekunja uso, huyo nilimwona Alhamisi. Ndiyo maana nikasema naogopa kidogo tu.

Kwa hiyo sikupi masharti ya mbio za wiki ya tatu. Ukiona mguu uko tayari, kimbia, na uwaonyeshe vumbi la kwetu. Nadhani utashinda, nimewaona wengi wakikimbia, nami si mtu wa kusifu chake. Ukiona hauko tayari, mwambie mwalimu hivyo hivyo, kwa maneno machache, bila kuomba radhi. Mbio nyingine zitakuja. Kama mtu atakuita mwoga, au lile jina jingine, mwache. Hajui umetoka wapi wala umebeba nini hadi kufika hapo. Si lazima ajue wiki ya tatu. Atajua mwaka wa pili.

Wala usikimbie kwa ajili ya Yusuf. Najua umefikiri hivyo, maana asubuhi nilizikuta raba zake ndani ya sanduku lako, chini ya shati la shule. Nimezitoa. Usizitafute. Mama yako ameziweka juu ya kabati, na vile vipande vya macawis bado vimo. Yusuf amekimbia mbio zake, Mungu amrehemu, na zilikuwa nzuri. Zako ni zako. Ukitaka kumkumbuka, mkumbuke aliyelala na viatu akamchafulia mama yake shuka.

Nimewahi kumwambia mwana mmoja asirudi bila kitu, na mwingine nikamwambia asisimame. Kesho asubuhi, lori likianza kunguruma na askari wanapiga kelele watu wapande, huenda nisipate la kusema, na nikilipata huenda lisisikike. Basi lichukue hapa. Rudi bila kitu, mwanangu, mlango uko wazi. Na pale unapoona inafaa kusimama, simama.

Dada yako amemaliza fundo. Nakusikia ukikubali kwamba la kwake ni bora. Jua limefika kwenye ukuta wa jirani, nami niifunge barua hii kabla hujaingia.

Ile kokoto ya kumi ninayo mfukoni. Siku utakaposimama kwenye mzunguko wa tisa, mbele ya watu usiowajua, ukiwa na nguvu ya kuendelea, nikumbuke.

Baba yako